Mama yuko tayari kuuza dhahabu yake nifungue biashara ya tovuti

SWALI

Assalaam aleikum Shangazi,

Nina miaka 24, mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nilisoma diploma ya teknolojia ya habari Mombasa, nikarudi nyumbani, na huu ni mwaka wa pili nafanya kazi kwenye saiba moja hapa mjini. Napiga chapa barua, nachapisha fomu, nawasaidia watu mambo ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali. Mshahara ni Sh 15,000 kwa mwezi. Jioni wateja wakiisha hubaki nikijifundisha kutengeneza tovuti kwa WordPress. Nimeshatengeneza tatu: ya madrasa ya mjomba wangu, ya binamu yangu anayetembeza wageni kwa mashua, na ya rafiki yangu anayeshona mikoba ya vitambaa vya matanga ya jahazi. Zote nilifanya bure.

Sasa nataka iwe ndiyo kazi yangu. Nina akiba ya Sh 85,000. Nilimwuliza mtu niliyesoma naye, ambaye anaifanya kazi hii Mombasa, akanitumia orodha ya vitu vya kuanzia. Laptopu mpya Sh 110,000. Chumba cha ofisi Usita wa Mui, ambacho kodi yake ni Sh 12,000 na mwenyewe anataka miezi mitatu pamoja na amana ya mwezi mmoja, Sh 48,000. Meza, viti na feni Sh 35,000. Kusajili kampuni kupitia wakala Sh 25,000. Seva, yaani kompyuta ya kuwekea tovuti, ya mwaka mzima Sh 60,000. Violezo (miundo ya tovuti iliyo tayari) na programu-jalizi (vipande vya kuiongezea tovuti uwezo) za kulipia Sh 40,000. Bango na kadi Sh 20,000. Kufungiwa intaneti Sh 15,000. Jumla Sh 353,000.

Nilipomsomea mama orodha hii alinyamaza. Akaingia chumbani, akatoka na kitambaa cheusi kilichofungwa fundo. Ndani mna bangili zake sita za dhahabu, ambazo najua tangu nikiwa mdogo kwamba ameniwekea siku ya harusi yangu. Akaniambia, "Hii ni yako, mwanangu. Uivae mkononi au uifanyie kazi, kwangu ni mamoja." Sonara mmoja wa Mombasa ametukisia kwa simu Sh 270,000. Kaka yangu amekasirika mpaka haongei nasi vizuri. Anasema Lamu hakuna anayelipia tovuti, kila mtu yuko Instagram na WhatsApp.

Nimepanga kufungua mwezi wa nne. Wiki iliyopita mzee mwenye nyumba ya wageni Shela, vyumba vitano, aliiona tovuti ya binamu yangu akaniuliza, "Binti, yangu utanifanyia kwa ngapi?" Nilishindwa kujibu. Nikamwambia nitamrudia, na sijamrudia mpaka leo.

Shangazi, tuuze dhahabu? Na mzee yule nimwambie bei gani?

Msichana wa Langoni

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Mwambie mama azirudishe bangili kwenye kitambaa na afunge fundo lake. Nimetanguliza hili ili mlale usingizi nyote wawili. Sasa tukae tupige hesabu.

Orodha ya mwenzako haina uongo. Kila kitu alichokiandika kinauzwa, na kwa bei zinazokaribiana na hizo. Lakini ni orodha ya mtu ambaye tayari ana wateja, tena Mombasa, ambako mwenye duka anaweza kupanda ngazi akaja ofisini kwako. Wewe uko Lamu. Mteja wako ana nyumba Shela, ana mashua, ana mkahawa mbele ya bahari, na hatatoka huko aje akae kwenye kiti chako cha Usita wa Mui. Wewe ndiye utakayemwendea, ukae kwenye daka lake, umfungulie laptopu juu ya magoti, na aone picha ya nyumba yake mwenyewe ikitokea kwenye kioo. Mimi nilikodi chumba Malindi mjini nilipoanza kazi hii. Nilikilipia miezi mitano. Wateja wote wanne niliowapata miezi hiyo niliwafuata mwenyewe, wengine mpaka Watamu, na chumba kilishinda na kufuli. Fedha ile inaniuma hadi leo, kwa sababu mwezi wa sita nilikosa ya kununulia bando.

Kwa hiyo ofisi, samani na bango tunavifuta: Sh 103,000 zimetoka, ukiacha elfu moja ya kadi chache ukizitaka.

Laptopu tusiifute, ndiyo jembe lako, lakini isiwe mpya. Mombasa utapata iliyotumika Ulaya, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, kwa Sh 30,000 hadi 35,000. Kwa kazi ya WordPress inatosha kabisa. Usinunue kwa picha ya WhatsApp. Nenda mwenyewe au mtume mtu anayejua. Iwashwe bila waya wa umeme na ikae hivyo nusu saa mkiwa palepale dukani, maana betri ndiyo ugonjwa wa hizi mashine, na Lamu umeme ukikatika wakati unampakilia mteja kazi yake utajuta. Bonyeza kila herufi ya kibodi, chomeka kitu kwenye kila tundu. Ukishafika nayo nyumbani usiiweke dirishani panapoelekea bahari. Hewa ya chumvi haichagui mpya wala kuukuu. Yangu ya kwanza nilikuwa nafanyia kazi barazani kila jioni, na ndani ya mwaka mmoja matundu yake yakawa na kutu ya kijani.

Ongeza diski ya nje ya kuhifadhia nakala, Sh 5,000, na betri ndogo ya kushikilia ruta umeme ukienda, kama Sh 3,500.

Kampuni ya Sh 25,000 acha kwanza. Sajili jina la biashara tu. Kwenye eCitizen ni kama Sh 1,000, na wewe unawafanyia watu kazi hiyohiyo kila siku, huhitaji wakala. Kampuni ya dhima ya kikomo serikali yenyewe inatoza kidogo juu ya Sh 10,000, na utaihitaji siku utakapoingia kandarasi kubwa au utakapopata mshirika. Leseni ya kaunti ulizia ofisini kwao mapema na uitengee Sh 10,000. Kisha jisajili eTIMS, mfumo wa kutolea ankara wa mamlaka ya ushuru, kwa PIN yako ya KRA. Kujisajili hakuna malipo. Tangu Januari 2024 mwenye hoteli asiyekuwa na ankara ya eTIMS hawezi kuhesabu malipo yako kama gharama ya biashara yake, kwa hiyo wenye nyumba kubwa watakuuliza hiyo kabla hawajakuuliza rangi.

Sasa seva ya Sh 60,000. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wetu tulipoungulia.

Tovuti inahitaji vitu viwili vya kulipiwa kila mwaka: jina lake, ambalo watu wanaliita domeini, na mahali pa kukaa, yaani hostingi. Jina la .co.ke ni kama Sh 1,000 hadi 1,500 kwa mwaka, na la .com huzidi kidogo. Hostingi ya tovuti ndogo ya nyumba ya vyumba vitano ni kama Sh 4,000 au 5,000 kwa mwaka. Seva nzima kwa ajili ya tovuti tatu ni kukodi jahazi ukavushe kikapu kimoja. Ukifika wateja 10 hivi, ndipo uanze kuulizia kifurushi cha kuuza hostingi kwa rejareja. Kabla ya hapo, kila mteja alipie yake, kwa jina lake, kwa barua pepe yake, kwa M-Pesa yake. Wewe kaa pembeni umwelekeze.

Nitakueleza kwa nini nasisitiza. Nilipoanza niliona ni heshima kumfanyia mteja kila kitu. Nikasajili majina ya wateja sita kwa barua pepe yangu na nikayalipia kwa kadi yangu ya benki. Kadi ikaisha muda. Barua za kukumbushwa ziliingia nikazipita, nilikuwa nauguza. Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na mbili, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alinijia mlangoni na simu mkononi. Hakugomba. Alinionyesha tu ukurasa mweupe mahali palipokuwa na picha ya bustani yake, akasema mgeni wake wa Italia amempigia kuuliza kama amefunga biashara. Jina la .com likishapita muda wa kusamehewa huingia kipindi cha siku 30 ambacho kulikomboa kunatozwa faini, na faini ile ilizidi mara kadhaa bei ya jina lenyewe. Nililipa. Lakini wageni waliokwenda kwingine wiki ile sikuweza kuwalipia, na yule mama, haki yake, hakurudi kwangu.

Jambo jingine kuhusu hostingi: bei unayoiona kubwa na nyekundu kwenye tangazo ni ya mwaka wa kwanza. Tafuta maandishi madogo yanayosema utalipa ngapi ukihuisha, mara nyingi ni maradufu, na mwambie mteja bei hiyo ya pili kabla hajatoa shilingi. Na kama kampuni inatoza kwa dola, kumbuka mwanzo wa 2024 dola moja ilifika Sh 160, miezi michache baadaye ikawa kama 130. Bili ya dola 100 ilikuwa 16,000, ikawa 13,000, na hakuna kinachoizuia kupanda tena kesho. Kwa mwanzo lipa kwa shilingi.

Violezo na programu-jalizi za Sh 40,000 nazo futa. WordPress ni ya bure tangu ilipotoka 2003, na violezo vya bure vilivyomo vinatosha nyumba ya wageni, mashua na mkahawa. Cheti cha usalama, kile kinachoweka kufuli kwenye anwani, hutolewa bure na Let's Encrypt, na hostingi nyingi hukiweka na kukihuisha zenyewe. Akija mtu kukuuzia cheti kwa Sh 8,000, mshukuru umwache apite. Siku mteja atakapotaka kitu cha kulipia, kwa mfano kalenda ya kuweka nafasi, bei yake iingie kwenye ankara yake. Nakuomba kitu kimoja tu: usichukue vile violezo vya kulipia vinavyogawiwa bure kwenye Telegram. Humo hutiwa mlango wa siri, na baada ya miezi miwili nyumba ya wageni ya mzee wa watu inageuka tangazo la kamari.

Tuhesabu basi. Laptopu 32,000, diski na betri ya ruta 8,500, jina la biashara 1,000, leseni 10,000, domeini na hostingi yako mwenyewe 6,000. Jumla Sh 57,500. Katika akiba yako zinabaki 27,500. Intaneti ya nyumbani ukiipata kwa Sh 3,000 kwa mwezi, miezi sita ni 18,000. Mkononi una Sh 9,500 za nauli ya mashua na dharura, na dhahabu haijatoka chumbani.

Hiyo miezi sita sikuitaja kwa bahati. Gharama kubwa kuliko zote katika kazi yetu haikuandikwa kwenye orodha ya mwenzako: ni kungoja. Utakubaliana na mteja leo, atachukua wiki tatu kukutafutia picha, wiki mbili kuandika habari za nyumba yake, na mwisho utaziandika wewe. Ankara utatoa mwezi wa tatu tangu mkubaliane, malipo yakamilike mwezi wa tano. Muda wote huo unakula na unanunua bando. Mtu aliyemaliza fedha zake kwenye samani hulazimika kukubali kazi ya tovuti kwa Sh 8,000, na akishaikubali moja, Lamu nzima itajua bei yake ni 8,000. Ndiyo maana saiba usiiache. Mwombe tajiri wako ufanye nusu siku, hata kwa nusu mshahara. Kama atakataa, fanya zako usiku kama unavyofanya sasa mpaka uwe na wateja wanne wanaolipa.

Mwezi wa nne nao uutoe kichwani. Wewe ni mtoto wa Lamu, unajua: masika inaingia, kusi inapanda, na nyumba nyingi za wageni hufunga mpaka mwezi wa sita au wa saba. Makuti yanabadilishwa, chokaa inapakwa, na mwenye nyumba anatoa tu, haingizi. Kazi ya kutengeneza tovuti inafaa sana miezi ile kwa sababu ana nafasi ya kukaa nawe, lakini makubaliano na arubuni vipatikane sasa, kaskazi ikiwa bado na wageni wamejaa. Barua yako imenifikia mwezi wa pili unaelekea kwisha. Una wiki chache.

Kaka yako usimkasirikie, ana nusu ya ukweli. Muuza kanga, fundi cherehani, mwenye duka la vyakula, hao WhatsApp inawatosha na usiwapotezee muda. Nyumba ya wageni ni habari nyingine, na hesabu yake ndiyo utakayokwenda nayo Shela. Mitandao ile ya kuwekea vyumba hukata takriban asilimia 15. Tuseme chumba cha mzee ni Sh 8,000 kwa usiku na mgeni analala siku tatu: ni 24,000, na 3,600 zinakwenda kwa mtandao. Wageni 10 wa namna hiyo wakija kwake moja kwa moja kupitia tovuti yake, Sh 36,000 zimebaki mfukoni mwake.

Basi mwambie Sh 35,000. Usishushe sauti ukiitaja. Ndani yake weka kurasa tano, picha utakazopiga wewe kwa simu asubuhi mwanga ukiwa laini na kuzipunguza uzito kabla hujazipandisha, maandishi kwa lugha mbili, fomu ya kuulizia chumba inayofika kwenye WhatsApp yake, na saa mbili za kumfundisha mtu wake kubadilisha bei. Jina na hostingi juu yake, kama Sh 6,000 kwa mwaka, analipa moja kwa moja. Nusu ya fedha yako, Sh 17,500, ni arubuni kabla hujagusa kitu, na nusu ya pili siku ya kukabidhi, kabla tovuti haijafunguliwa kwa watu. Kisha mpe hiari ya matengenezo kwa Sh 1,000 kwa mwezi, uwe unasasisha na kuhifadhi nakala. Wateja 10 wa matengenezo ni Sh 10,000 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na hiyo ndiyo itakayokutoa saiba.

Andikeni karatasi moja, kwa Kiswahili, sahihi mbili: kazi ni nini, marekebisho ni mara ngapi (mimi naweka mbili), picha na maelezo vije lini, na asipovileta itakuwaje. Wazee wa Shela ni watu wa neno lao, lakini karatasi inawasaidia watoto wake na mameneja wake, ambao hawakuwepo barazani. Na kama atataka fomu ichukue namba za pasipoti za wageni, mkatalie. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamdai mwenye taarifa za watu azitunze, na wewe bado huna uwezo wa kubeba mzigo huo. Jina, tarehe na namba ya simu vinatosha.

Kuhusu mama. Sonara hununua kwa uzito. Ufundi uliofanya bangili ziwe bangili hakuulipi, na kuzirudisha siku moja kutakugharimu zaidi ya mtakachopewa leo. Kataa dhahabu, lakini usiukatae mkono wake, maana ametoa kitu alichokiweka miaka. Mwombe kingine. Akina mama wa umri wake ndio wanaoshika funguo za nyumba nyingi za Shela na Mkomani ambazo wenyewe wako Ulaya. Wanapika, wanapokea wageni, wanajua nyumba ipi ina tovuti na ipi haina, na nani analipa kwa wakati. Kaa naye jioni moja, akutajie majina, uandike. Akikufikisha kwenye milango mitano na kusema "huyu ni binti yangu," amekupa kitu ambacho mwenzako wa Mombasa hawezi kukinunua.

Na mzee wa Shela umemkawiza wiki nzima, usimpitishe nyingine. Nenda asubuhi kabla mashua hazijaanza kushusha wageni, umpigie picha daka lake kwa simu yako, uziweke palepale kwenye ukurasa mmoja wa majaribio, umpe aishike mwenyewe. Akiuliza ni ngapi, sasa unayo ya kumjibu.

Shangazi